Kabla Sukari Haijaisha

Gari la mzee Shuwai lilikuwa limeshayapita makaburi mapya ya kijiji, Nabiha kaketi nyuma peke yake, kikasha cha mirija mapajani.

Mirija kumi na mmoja. Jana aliitia maji mekundu yenye sukari, kisha vijidudu vya wagonjwa kumi na mmoja. Asubuhi mirija yote ilikuwa ya njano: sukari inaliwa. Kipindupindu. Ila kisima wanachonywea hakifungwi kwa neno la mpimaji wa zahanati kama yeye. Lazima maabara ya mkoa ijionee, ipige muhuri. Tena leo. Sukari ikiisha, vijidudu hugeukia chakula kingine na wekundu hurudi.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliinama dirishani, shavu limejaa mirungi.

"Maharimu wako yuko wapi?"

"Kaka yangu yuko mashamba ya chumvi. Ndugu yangu, watu wanakufa."

"Mwanamke hasafiri peke yake. Huyu mzee ni nani wako?"

"Dereva tu, bwana," alisema Shuwai. "Basi niruhusu mimi nikipeleke hicho kikasha."

"Vichupa vya maji ya rangi bila mwenyewe? Nitajuaje si baruti?"

"Mwenyewe ni mimi!" alisema Nabiha.

"Wewe huna maharimu."

Shuwai alicheka bila kupenda. "Sasa bwana mkubwa, vipite na nani?"

"Mzee, usinichoshe. Kamlete kaka."

Shuwai akageuza gari. Nabiha akaketishwa nyuma ya magunia ya mchanga, kikasha kivulini. Alasiri mrija wa tatu ulianza kuiva juu, rangi ya chungwa. Akamwita askari aje aone, awe shahidi. Askari alichungulia. "Nzuri," akasema, akarudi kwenye mirungi yake.

Darwish, kaka yake, alifika kesho yake adhuhuri, chumvi imemkaukia miguuni.

"Dada, hii yote nyekundu," alisema bwana wa maabara ya mkoa walipomfikia jioni.

"Ilikuwa njano."

"Ilikuwa."

Akapiga muhuri: hakuna kipindupindu.

Kisima hakikufungwa. Kati ya wale kumi na mmoja walipona wanne. Shuwai alihamia kwa bintiye milimani. Askari alipandishwa cheo. Darwish aliharisha siku mbili, akazikwa Jumatano. Wiki iliyofuata Nabiha alipokea barua ya mkoa: aende mjini, akafundishwe upya kusoma mirija ya sukari. Hakwenda. Hakuwa na wa kumsindikiza.