Presha ya Janeth

Macho yangu sikuyatoa kwenye kidole gumba cha mama. Kidole hicho cha mkono wa kushoto ndicho hutangulia kucheza kabla hajaanguka, na siku hiyo, sebuleni kwa Mzee Naftali, niliapa kwamba kikicheza tu nitamtoa nje kabla mtu hajaona. Wazee walikuwa wakizungumza habari za mvua na bei ya alizeti. Sikusikia hata nusu.

Tulikuwa tumekwenda kumposea kaka yangu Shukuru. Binti aliyempenda alikuwa Janeth, mtoto wa Mzee Naftali, mwenyekiti wa kijiji. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mdogo Abraham, na asubuhi ile alimsihi sana mama abaki nyumbani.

"Shemeji, tutasema una mafua."

Mama aliendelea kujifunga kilemba. "Nikifichwa leo, nitafichwa na siku ya harusi, na siku ya mjukuu. Nimechoka kuwa na mafua."

Pale kijijini Ulemo nani hakujua kwamba mama yangu, Kristina, ana kifafa? Kovu la mkononi lilimsema kabla hajafungua mdomo. Aliangukia moto wa jikoni nikiwa sijaanza shule, na majirani walisimama mlangoni wakimtazama anavyoungua, maana waliamini kwamba anayegusa povu lake naye ataanguka. Baba ndiye aliyetoka shamba mbio akamvuta. Majirani wale sijawasamehe. Nikiwasalimia hata leo, mkono wangu huwa mzito.

Kwa Mzee Naftali wageni waliletewa chai kwenye vikombe vya udongo vyenye maua. Mama, aliyekalishwa karibu na mlango, aliletewa kopo la plastiki. Nani angesema neno? Mashine ya kukamua alizeti ni ya mwenyekiti, muhuri wa kijiji uko kwake, na trekta tunalolililia kila mwanzo wa mvua ni lake. Mwenye nguvu mpishe. Mama alilishika kopo kwa mikono miwili, akanywa taratibu.

Baba mdogo alipomaliza kutaja asali tuliyobeba na ng'ombe tulionao, Mzee Naftali alikohoa.

"Abraham, kijana wenu ni mchapakazi, sina neno naye. Lakini ukoo huulizwa. Nyumba yenu ina kifafa. Ngoja nimwite binti mwenyewe, aseme kama anataka kuzaa watoto wa kuanguka motoni."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Nilihisi uso unaniwaka kwa aibu, kisha kwa hasira, na nikakitazama tena kidole cha mama. Kilikuwa kimetulia. Janeth aliingia, akapiga goti. "Shikamooni," alisema. Kikafuata kishindo. Nilipogeuka alikuwa chini, amekakamaa, macho yamepinduka, povu linamtoka mdomoni.

Chumba kizima kilirudi nyuma. Eliza, mama yake, alibaki mlangoni ameshika kichwa. Baba yake, mwenye muhuri na trekta, alijibana ukutani. Aliyekwenda ni mama yangu. Alimlaza ubavu, akamwekea kitenge chake chini ya kichwa, akakaa naye sakafuni akimfuta povu kwa kiganja mpaka mwili ulipolegea. Wenye nyumba hawakuuliza amepatwa na nini, nikajua hii si mara yake ya kwanza.

"Ni presha," alisema Mzee Naftali. "Ana presha ya kichwa."

Nyani haoni kundule. Nusura niliseme hilo kwa sauti. Ugonjwa ni uleule, kijiji ni kilekile: kwetu ni doa la ukoo, kwa mwenyekiti ni presha.

Mama hakuinuka. Kichwa cha Janeth kilikuwa mapajani mwake.

"Mwenyekiti," alisema, "mwanao nimemshika kwa mikono yangu, na kilichomwangusha nakijua. Sitakitangaza. Ukitaka kutukataa tukatae, binti ni wako. Ila tafuta sababu nyingine. Leo mimi sirudi nyumbani nikiwa ndiyo sababu."

Mzee Naftali alimtazama binti yake. Kisha akalitazama kopo la plastiki lililobaki pale mlangoni.

"Ng'ombe mliowataja ni wachache," alisema.

Baba mdogo alikunja uso, lakini mama alicheka. Alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani. "Ng'ombe hutafutwa," alimwambia Shukuru. "Kalime." Mimi sikucheka. Iliniuma kwamba kukataliwa kwa umaskini kumekuwa nafuu kwetu, na bado inaniuma. Shukuru alilima, alizeti juu na vitunguu bondeni, hadi ng'ombe wakatosha.

Sasa Janeth ni wifi yangu. Yeye na mama humeza dawa pamoja kila jioni, wakikumbushana. Huanguka mara chache, nasi huwashika. Mimi bado sijajifunza kula nikiwa nimetulia, maana siku hizi nina wawili wa kuwachunga kwa macho.

Mzee Naftali hututembelea Jumapili baada ya ibada. Hunywa chai kwenye kopo la plastiki, kwa kuwa kwetu hakuna vikombe vingine.

"Presha ya mwanangu inaendeleaje?" huuliza.

"Kifafa chake hakijambo," mama humjibu, na kumwongezea chai.