Ushuhuda wa Gathoni

Kila alfajiri, kabla hata ya kuwasha jiko, Gathoni huketi kwenye meza ya jikoni pale nyumbani kwao Ruring'u, akasoma sura moja ya Biblia, kisha akarekodi kwa simu tafakari ya dakika tatu na kuituma kwenye kikundi cha kanisa. Miaka minne hajakosa siku. Watu humsikiliza wakikamua ng'ombe, wakifungua vibanda, na wengi humwambia sauti yake huwatoa kitandani. Hilo alilipenda, na hakuona ubaya kulipenda.

Mambo yaliharibika Jumapili moja ya Machi. Mumewe, Ndungu, fundi wa mageti, alikuwa na presha ya miaka sita, na wiki hiyo kliniki walimpima wakakuta imeshuka, iko sawa kabisa. Nesi akasema dawa zinafanya kazi, aendelee kumeza. Gathoni alisikia "iko sawa", hayo mengine akayaacha pale pale kwenye benchi la kliniki. Jumapili akashika maikrofoni akatangaza kwamba Mungu amemponya mume wake. Kanisa zima lilisimama. Akina mama wakapiga vigelegele, na Ndungu akaitwa mbele, akaenda huku akifuta machozi kwa mkono wa shati.

Ndungu! Mtu ambaye kwa miaka ishirini na saba alikuwa akimsindikiza mkewe hadi langoni mwa kanisa, kisha anarudi zake kusoma gazeti. Gathoni alikuwa amemlilia Mungu juu yake mpaka maneno yakamwishia. Sasa Ndungu akaacha bia. Akajinunulia Biblia ya Kikuyu, akawa anaamka na mkewe, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la pili. Gathoni alitembea mjini akijiona amebarikiwa kuliko wanawake wote.

Mwezi wa Mei, akifua koti la kazi la mumewe, alikuta mfukoni dawa za miezi miwili. Hakuna hata kidonge kimoja kilichokuwa kimetolewa.

Alipomwuliza, Ndungu hakuficha.

"Si ni wewe ulisimama ukasema?" akamjibu. "Nikimeza hii dawa, nitakuwa nimekuita muongo mbele ya kanisa yote. Na Mungu pia."

Gathoni alimweleza kwamba ni dawa ndizo zilizoishusha presha. Akamkumbusha maneno ya nesi. Ndungu akatabasamu kwa ule upole wa mtu aliyeokoka juzi, upole usio na mahali pa kuushika. Gathoni akasaga kidonge akakitia kwenye uji. Ndungu akaonja mara moja, akasukuma kikombe kando bila kugomba. Afadhali angegomba. Gathoni akamleta mchungaji, naye akasema wazi kwamba hata madaktari ni wa Mungu. Ndungu alimsikiliza kwa heshima, akamtilia chai, na mgeni alipoondoka akasema ati siku hizi hata wachungaji imani imewapungua.

Kufikia Juni Ndungu alikuwa akishika ukuta akiinuka. Kichwa kikimgonga alisema ni moshi wa kuchomelea vyuma. Gathoni aliendelea kusoma sura yake kila alfajiri, lakini hakuweza kuvuka mstari bila kumtazama mumewe usoni, na kila ahadi aliyoisoma aliona Ndungu akiipigia mstari kwa kalamu. Aliogopa kitabu alichokipenda. Akaona aibu kwa kukiogopa.

Alhamisi moja alitangulia kuamka, akarekodi ukweli wote. Alisema hakuna aliyeponywa. Alisema alikimbilia kushuhudia kwa sababu alitaka kushangiliwa, kwamba mume wake ameacha dawa kwa ajili ya maneno yake, na kwamba akifa ni yeye atakuwa amemuua. Akatuma. Kabla ya dakika tatu za rekodi kuisha majibu yakaanza kuingia: ubarikiwe mama, neno zito, siku njema. Wengine walikuwa wametuma maua.

Ndungu akatoka chumbani, simu mkononi. Alikuwa ameisikiliza yote, mpaka mwisho. Moyo wa Gathoni ukaruka kwa tumaini. Akaenda kwenye kabati, akachukua vidonge na maji, akaviweka mbele ya mumewe.

Ndungu hakuvigusa. Aliketi, akamshika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ya moto.

"Mama Wendy," akasema, akimwita kwa jina la binti yao, "shetani anakupigania sana. Usijali. Wewe ulinibeba miaka hiyo yote. Sasa mimi nitakubeba."

Akafumba macho, akaomba. Aliomba kwa Kikuyu, polepole, bila maneno ya kuazima, akimsihi Mungu amrudishie mke wake imani ile ile ambayo mke huyo alimpa yeye. Gathoni hakuwahi kusikia sala nzuri kama hiyo. Mshipa ulikuwa umesimama kwenye paji la uso wa mumewe, unapiga, unapiga. Alipomaliza hakufungua macho. Aliendelea kumshika, akingoja, na Gathoni akajua hatamwachilia mpaka naye aseme amina.

Akasema.