Unga wa Mwani

Kopo lilikuwa jepesi mkononi, gramu chache tu za unga wa rangi ya kutu, nami nikaumwaga wote kwenye mtaro nyuma ya stoo. Nikamwagia na maji mpaka saruji ikatakata. Kisha nikabeba ndoo za pumba, nikawalisha kondoo ishirini, nikaandika kwenye daftari: "Wamekula wote." Ilikuwa saa mbili asubuhi. Nilifanya hivyo siku tisa mfululizo.

Unga ule ulikuwa wa mdogo wangu.

Nilikuwa nimelisha kondoo wa kituo kile cha utafiti miaka kumi na mmoja kabla yeye hajafika. Niliwajua kwa kikohozi na kwa mwendo. Kitinda, ndivyo tulivyomwita nyumbani kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama, alikuja na shahada, koti jeupe na wazo moja. Kondoo akicheua hupiga mbweu, na mbweu hizo hutoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Ukimchanganyia unga wa mwani mwekundu kwenye chakula, gesi hupungua. Basi kondoo ishirini wale unga, ishirini wasile, halafu kila mmoja aingizwe kwenye kibanda cha kioo apimwe pumzi. Kulisha ilikuwa kazi yangu. Wiki mbili za kuwazoesha niliwapa unga kwa uaminifu. Wazo lilikuwa zuri, hata mimi nililiona, na hilo ndilo lililoniuma.

Baba hakuwahi kukanyaga kituoni. Wageni wakimuuliza habari zangu, alisema, "Huyo mkubwa anashinda na kondoo." Siku moja kabla ya vipimo vya Kitinda kuanza, baba alipiga shati pasi akaja. Alisimama mbele ya kibanda cha kioo, ndani yake kondoo jike niliyemvuta tumboni mwa mama yake kwa mikono hii, akamshika Kitinda bega na kumwambia mlinzi, "Huyu ndiye mwanangu mtafiti." Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma na ndoo yangu. Kondoo walikuwa walewale.

"Hebu sogea kidogo," baba akaniambia, "tupige picha."

Nilisogea. Kesho yake nikaanza kumwaga.

Watu husema wivu unachoma. Wangu ulikuwa mtulivu. Niliamka nao, nikapiga mswaki nao, nikautumikia kama mwajiriwa mwenye bidii anayewahi kazini.

Majibu yalipotoka, makundi mawili yalilingana kama mapacha. Nilidhani nitafurahi. Kitinda alirudia hesabu, akafungua mashine na kuifunga, macho yakamwiva. Kwenye kikao, nami nikiwa nimeketi nyuma, mkurugenzi wa kituo alimuuliza swali moja tu.

"Una uhakika waliula huo unga?"

"Anayewalisha ni dada yangu," Kitinda alijibu. "Hajawahi kukosea hata gramu. Kama kuna kosa, ni langu."

Alisema bila hata kunitazama, kama mtu anayetaja jambo lisilohitaji shahidi.

Nilimkuta baadaye maabara, anaosha vyombo vya kupimia.

"Sikuwapa," nilisema.

"Hukuwapa nini?"

"Unga. Siku zote tisa za vipimo. Niliumwaga mtaroni."

Alifunga bomba. Akakausha chombo kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu ambacho kilikuwa kikavu tayari.

"Kwa nini, dada?"

Shati la baba, picha, miaka kumi na mmoja: vyote vilinijia mdomoni vikiwa vidogo kama punje.

"Nilikuonea wivu."

"Mimi?"

Alishangaa kweli, na mshangao wake uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Mkurugenzi alipoambiwa, alinihamishia kwenye mizani, kupima uzito wa wanyama. Kitinda hakumwambia baba. Wala hakunisemesha kwa miezi minne. Tulipishana getini kama majirani waliogombania ukuta.

Siku hizi watu wakitaja utafiti ule, uliorudiwa ukafaulu hatimaye na gesi ikapungua karibu nusu, mimi hukumbuka Jumapili moja alasiri, alipokuja kwangu na kusimama mlangoni.

"Kondoo wanaususa," alisema. "Unga unanuka, wanachambua pumba wanauacha. Wewe zile wiki mbili uliwezaje?"

Wivu uliinua kichwa, safari hii ukiwa mtamu. Hatimaye kulikuwa na jambo asilolijua. Ningeweza kusema nimesahau. Nilimwacha asubiri, muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

"Ukoroge kwanza na molasi," nikasema. "Halafu maji kidogo. Pumba mwisho."

"Maji kiasi gani?"

"Kiganja."

"Kiganja si kipimo, dada."

"Ndicho nilichokuwa nacho."

Akaingia. Akatoa kwenye mkoba glasi nyembamba yenye mistari, akafungua bomba la jikoni, nami nikakinga kiganja na kumimina ndani yake. Mara tatu. Kila mara aliinama mpaka jicho likawa sawa na maji.

"Mililita thelathini na mbili," alisema. "Thelathini na mbili. Thelathini na moja."

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa safi, herufi zimesimama wima, na hata huo niliuonea wivu kidogo. Nikamvutia kiti. Alikitazama kwanza, kisha akakaa.