Ufunguo Ulioenda Kupimwa

Usiku wa kuamkia leo niliota ufunguo wa sanduku langu umeamka kabla yangu, umekaa kitako juu ya mto, unaniomba ruhusa.

"Mzee, naenda kupimwa. Wanatafuta chuma cha kujengea tanuri la kuwekea jua."

Sikushangaa. Binti yangu Saumu, anayesoma fizikia chuo kikuu, alinieleza habari hizo tukila ugali: watu wanataka kutengeneza kijua kidogo ndani ya tanuri wapate umeme, ila kijua hicho kitarusha neutroni, na neutroni huharibu chuma. Kwa hiyo kabla hakijawashwa, mtambo mrefu unatengeneza neutroni za kujaribia vyuma. Nilimsikiliza nusu nusu. Washenga kutoka Kilosa walikuwa waje asubuhi, mara ya tatu, kuchukua jibu la posa yake. Kijana mwenyewe Saumu kampenda, mama yake kamridhia. Mimi nilikwisha kuandika barua ya kukataa, nikaifungia sandukuni. Sababu sikuandika. Sababu ni kwamba sitaki kula ugali bila yeye.

"Huendi," nauambia ufunguo. "Asubuhi una kazi."

"Tutarudi kabla ya chai," unajibu, na tayari tumo ndani ya bomba refu kutoka kwangu hadi stendi ya Msamvu. Deutironi, chembe za hidrojeni nzito zenye chaji, zinatupita mbio. Kila hatua umeme unazisukuma mgongoni. Moja inanikanyaga mguu, na "samahani" yake naisikia ikiwa imeshafika mbali.

Mwisho wa bomba kuna pazia la metali ya lithiamu iliyoyeyuka, linatiririka bila kukoma.

"Baba, usinisimamishe," linasema. "Nikisimama nachemka. Sikiliza masharti. Neutroni wakibisha hodi, ukisema karibu, jaribio limeanza."

"Sitasema," nikaapa.

Deutironi zinalipiga pazia, na upande wa pili wanatokea neutroni: waungwana wenye kanzu na makoti, miavuli kwapani. Mlangoni pa ufunguo wangu analinda sumaku.

"Wazuie!" namwambia.

"Mimi nazuia wenye chaji," anasema, akiwatazama kama hewa. "Hawa hawana. Kwani kuna watu?"

Nachungulia ndani ya ufunguo. Ni ukumbi mkubwa. Atomu za chuma zimekaa kwenye viti vya plastiki, safu kwa safu, zimetulia kabisa.

"Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi!"

Nikauma ulimi. Mama yangu alinifinya masikio miaka yote ya utoto wangu kwa ajili ya jambo hili hili, kutoitikia hodi.

"Hodi jamani, wenyewe wapo?"

"Karibuni!" nikasema. Lilitoka lenyewe.

Wakaingia. Kila neutroni alimsukuma mmoja wa waliokaa, huyo akamwangukia mwenzake, mwenzake akamwangukia mwingine. Kabla sijamaliza kukohoa, kila atomu ilikuwa imehama kiti mara kumi na mbili. Wengine walirudi kwao, wengine wakakalia vya wenzao. Wachache wakabaki wamesimama njiani, na ukumbi ukatanuka kuwapisha.

"Nimekuharibu?" nauuliza ufunguo.

"Nimevimba kidogo. Sijavunjika. Wengi wamepata pa kukaa."

"Kumbe huku kuna upepo," ikasema atomu moja kutoka kiti chake kipya.

Safu ya mbele kilibaki kiti kimoja kitupu, na juu yake kanga ya Saumu. Nikalia. Nililia bila aibu.

"Lia ukitembea, baba," likasema pazia. "Umeniziba njia."

"Baba Saumu, amka! Wageni hao wanapanda ngazi!"

Alikuwa mke wangu. Nikaruka, nikachukua ufunguo chini ya mto. Ulikuwa wa moto. Sanduku hilo nalifungua mwaka wa kumi na tisa sasa, lakini ufunguo haukuingia. Nikatia mafuta ya nazi. Wapi.

Mke wangu akauinua kwenye mwanga wa dirisha. "Mbona umenenepa?"

Barua yangu ilikuwa ndani.

"Hodi!"

Saumu alisimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, ananitazama.

"Hodi!"

Nikatazama sanduku. Nikamtazama yeye.

"Hodi jamani, wenyewe wapo?"

"Karibuni," nikasema, kwa sauti ya kufika hadi jikoni, kisha nikaenda mwenyewe kwa jirani kuazima viti, asibaki mtu amesimama.