Nyumba Isiyopitisha Baridi

Asubuhi moja ya mwezi wa saba Séverine hakukohoa, na mkwewe Aline akaja mbio kutoka nyumba ya pili akidhani amekufa.

"Mabukwe! Mbona kimya?"

"Nimelala tu, mwanangu," mama mkwe akajibu kutoka ndani ya mablanketi. "Kumbe usingizi ndio huu."

Alikuwa amekohoa miaka saba. Huku milimani Mwese, ikifika Juni baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mama akifungua dirisha anatetemeka; akilifunga, ukuta unatoka jasho, na ukungu mweusi unapanda nyuma ya kitanda hadi darini. Nyumba aliijenga mwanawe wa pili, Celestin, mume wa Aline, fundi mwashi ambaye watu wa Mpanda mjini humtumia ujumbe wa kumwita kazini. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, lakini unyevu ule ulimshinda.

Dawa ilitoka kwa kaka yake. Egide anaishi Norwe mwaka wa kumi na nane sasa, na huko nyumba zinafungwa kabisa kwa sababu ya theluji, halafu zinapumua kwa mashine. Alituma mashine mbili kwa mkono wa padri aliyekuwa anarudi likizo. Kila moja ilikuwa bomba fupi la kupenya ukutani, lenye feni ndogo, na ndani yake kigae cheupe chenye vitundu vingi kama sega la nyuki. Feni ikitoa hewa chafu nje, joto la chumba linabaki kwenye kigae. Baada ya dakika moja hivi feni inageuka, inavuta hewa safi ya nje, nayo inapita kwenye kigae kile cha moto na kuingia ndani ikiwa vuguvugu. Moja ikitoa, nyingine inaingiza.

Celestin aliipenda kazi ile. Alitoboa kuta, akafunga mabomba, akaunga umeme. Kisha Egide akapiga simu ya video akitaka kuona.

"Hayo matundu juu ya dirisha ni ya nini?"

"Matundu ya hewa, kaka. Kila nyumba ninayojenga nayaweka."

"Yazibe. Na chini ya mlango weka mpira. Ukiacha matundu, joto linapita hapo, mashine haina kazi."

"Kaka, huku umeme unakatika. Na siku za mvua mkaa unaingia ndani."

"Mama si ana jiko la nje?"

"Analo, lakini baridi ikimzidi..."

"Mwambieni asiingize mkaa ndani. Celestin, mimi huku naishi ndani ya nyumba hizi. Unanifundisha?"

Celestin alijua kwamba nyumba isiyo na tundu ikikosa umeme inakuwa debe lenye kifuniko. Aliwaza kuacha hata tundu moja la kufungwa na kufunguliwa kwa kamba. Lakini Egide ni mkubwa wake, na ndiye aliyewabeba wote tangu baba yao alipofariki. Akachanganya saruji, akaziba. Tundu la kamba alijiambia ataliweka baadaye.

Ikaja wiki ile ya mama kulala bila kukohoa. Agosti ukungu wa ukutani ukakauka, Aline akaufuta kwa kitambaa. Majirani wakaja kugusa bomba na kusikia upepo wa vuguvugu ukitoka ukutani. Séverine aliwakaribisha kwa fahari. "Mwanangu wa Ulaya," alisema, na Celestin, aliyetoboa ukuta, alicheka naye.

Januari Celestin aliitwa Kashaulili, Mpanda mjini, kujenga maduka. Tundu la kamba lilikuwa halijawekwa.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Alhamisi nguzo ya umeme ikaanguka bondeni, giza likashika kijiji chote. Jumamosi asubuhi Aline alimpelekea mama uji, akamkuta amejikunyata, vidole vya baridi.

"Twende kwangu, mabukwe, tukae jikoni."

"Kwako kunavuja. Niache na blanketi langu."

Aline akaenda kuwachambulia watoto mahindi ya kupika. Saa sita mchana alirudi na maharage. Mlango ulikuwa umefungwa, na kwa ndani kulikuwa na kitenge kimesukumwa chini yake. Alibisha, akaita. Aliposukuma kwa bega, mlango ukafunguka, na hakusikia harufu yoyote ya moshi. Chumba kilikuwa na joto zuri. Katikati ya sakafu jiko la mkaa lilikuwa bado jekundu, na Séverine alikuwa amelala ubavu kando yake, mashavu mekundu, mdomo wazi.

Aline alimshika kwapani akamburuta mpaka nje, kwenye matope na mvua, huku kichwa chake mwenyewe kikizunguka. Alipiga yowe. Mama alikuwa anapumua, lakini hakuitika.

Celestin alikuwa juu ya ngazi simu ilipoita.

"Mama hajitambui," Aline alisema. "Ni mkaa. Alijifungia."

"Kwenye nyumba?"

"Kwani wapi tena, Celestin?"

Alishuka ngazi, akakaa kwenye rundo la matofali. Njia ya Mwese wakati wa mvua inajulikana. Gari la mfanyabiashara mmoja wa maharage lilikwama mara tatu likimleta mama, na muda wote huo Celestin alisimama kwenye lango la hospitali mjini, akilowa, akimwomba Mungu amchukue yeye. Walifika jua limeshaanza kushuka. Aline alikuwa amempakata mama kwenye mapaja, matope yamekauka kwenye nywele zao wote wawili.

Walimwekea oksijeni. Daktari, mama mmoja mtaratibu aitwaye Josephina, alimwita Celestin pembeni.

"Hewa ya mkaa haina harufu, inamlaza mtu tu. Ndani hamna matundu?"

"Yalikuwepo."

"Nani ameyaziba?"

"Mimi," alisema. "Mimi ni fundi."

Siku ya tatu Séverine alifumbua macho. Alimtambua Aline. Alipomtazama Celestin alitabasamu, akasema, "Egide, umefika lini?" Celestin akasubiri ajirekebishe. Hakujirekebisha. Daktari alisema huenda kumbukumbu ikarudi, huenda isirudi yote.

Egide alipiga simu. Uso wake kwenye kioo cha simu ulikuwa umevimba kwa kulia.

"Mashine haikuwa na kosa," alisema. "Umeme ulikatika. Mashine haikuwa na kosa."

"Najua, kaka. Kifua chake kilipona kwa mashine ile. Nimeona kwa macho yangu."

"Basi kwa nini unaniangalia hivyo?"

"Kwa sababu nilijua. Ulivyoniambia niyazibe, nilijua, nikanyamaza. Halafu nikaenda mjini kujenga maduka ya watu."

Egide alifunika uso. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Nilikukatiza." Simu ikabaki wazi mpaka salio likaisha.

Walipomrudisha mama, Celestin alichukua nyundo na tindo kabla hata ya kuvua viatu. Alifungua matundu yote juu ya madirisha, akaongeza mawili chini, karibu na sakafu. Aline alisimama mlangoni.

"Baridi itamrudia."

"Itamrudia."

"Na kikohozi. Egide amesema anaweza kutuma betri. Ungeweka tundu moja la kamba, mashine ikaendelea."

"Tundu la kamba linataka mtu wa kukumbuka kuvuta kamba. Mama anakumbuka nini sasa?"

"Mimi nitakumbuka."

"Siku ile ulikuwepo, Aline."

Alijuta neno hilo kabla halijamaliza kutoka. Aline alimtazama, akageuka, akaenda kwake, na kwa siku mbili hakumpa chakula isipokuwa kwa mkono wa mtoto. Celestin alimfuata shambani, akaomba radhi akiwa amesimama katikati ya maharage. "Wewe ndiye uliyemvuta nje," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungia." Aline aliendelea kung'oa magugu. Hatimaye alimwonyesha mstari wa pili, wakapalilia pamoja.

Juni ikaja na baridi yake. Mashine bado zinageuka ukutani umeme ukiwepo, lakini nusu ya joto inapotelea kwenye matundu, na nyuma ya kitanda ukungu umeanza tena kama vumbi la makaa. Majirani huuliza kama kitu kile kina faida, nao wapate. Celestin huwajibu kwamba kina faida mahali ambapo umeme haukatiki na mkaa hauingii ndani, halafu huwaacha, kwa sababu humo ndani mama yake ameanza kukohoa.