Yaliyoandikwa Mgongoni mwa Mitihani

Chuo kilipotangaza kwamba kinaachana na karatasi mpya nyeupe na kitatumia zilizotengenezwa kutokana na karatasi kuukuu, aliyefurahi kuliko wote alikuwa mume wangu, na hakuwa hata na macho ya kuziona. Aliisikia habari hiyo redioni, akajipiga kofi gotini. "Hatimaye wamepata akili," akasema. Nilicheka, maana huyu mtu chuo kizima kilimwita Upande wa Pili.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake. Alifundisha elimu ya mimea tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika kwenye karatasi safi. Mitihani ikiisha, yale makaratasi ya maswali yaliyobaki aliyakusanya yeye, akayageuza na kuandika mgongoni. Hata nikitumwa sokoni na karatasi yake, upande huu ilikuwa nyanya na chumvi, upande ule "Eleza kwa kirefu kazi za mzizi." Wenzake walimwona bahili. Mimi niliyeishi naye najua alikuwa akiionea miti huruma.

Kitabu chake alikiandika hivyo hivyo. Kilihusu nyasi za bonde moja alilokuwa akilizuru kila likizo tangu ujana wake, akipiga magoti matopeni na kioo chake cha kukuzia. Nilizoea kulalamika kwamba wanawake wenzangu huibiwa waume na wanawake, wangu mimi kaibiwa na majani. Kisha likajengwa bwawa, bonde likafunikwa na maji, na baadhi ya nyasi zile hazikuwahi kuota mahali pengine popote. Zile alizozikausha tuliziweka nyumbani, mchwa wakazila. Yakabaki maandishi tu, naye akaapa hayatakanyaga kwetu. "Nyumbani kuna mchwa," alisema, "chuoni kuna wasomi."

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ya wakili. Nilimwomba mara nyingi anipe kurasa nizichape kidogo kidogo, angalau pawe na nakala. Alikataa katakata. Chungu hakipakuliwi kabla hakijaiva, alinijibu, akaendelea kuandika na kufuta, kuandika na kufuta. Alipomaliza, macho yalikuwa yamebakiwa na mwanga kidogo wa pembeni, na baada ya hapo kisukari kikauzima na huo. Alistaafu akiwa ameshikwa mkono.

Maboksi yakabaki katika kabati la ofisi yake ya zamani. Mkuu wa idara, aliyekuwa mwanafunzi wake, alituahidi kwamba yako katika mikono salama. Mpango wetu ulikuwa rahisi: nikipata likizo niyalete, nimsomee ukurasa kwa ukurasa, yeye asahihishe, mimi nichape. Figo zake nazo zilikwisha kuanza kumgomea, na nilipomwuliza daktari kuhusu mwaka ujao, alianza kupanga vifaa vyake mezani. Mume wangu hakuwa na jambo jingine la kungojea duniani ila kile kitabu.

Siku likizo yangu ilipoanza niliingia idarani na toroli la kubebea mizigo, moyo mweupe. Ukutani kulikuwa na mabango mapya yanayosifu usafi wa mazingira. Katika ofisi ya mume wangu nilimkuta mhadhiri kijana, mtu mwenye adabu zake, akaniinukia na kunipa kiti. Juu ya kabati palikuwa na kombe linalong'aa. Ndani ya kabati palikuwa na birika, viatu vya mvua na mwavuli.

Nikamwuliza yako wapi maboksi ya mwenye ofisi. Akanieleza kwa furaha, maskini, hakujua anachokisema. Kiwanda cha karatasi kilikuwa kimekubaliana na chuo kutoa karatasi mpya kwa kadiri ya zile kuukuu zitakazopelekwa, na idara itakayotoa mzigo mzito kuliko zote ipewe kombe. Wao walishinda. Walikuwa nyuma kabisa mpaka walipofungua kabati hilo. Nikamwambia aniitie mkuu wake.

Mkuu wa idara alikuja akitabasamu, akaona uso wangu, tabasamu likamwisha.

"Mama, ile ilikuwa mitihani ya zamani," akasema. "Nilidhani maboksi ya kitabu mlikwisha kuyachukua; haya niliyafungua mwenyewe. Kila boksi, karatasi za juu ni maswali."

"Uliigeuza hata moja?"

Akanieleza sheria yao. Karatasi ya mtihani ikikutwa nje ya chumba cha mitihani haipekuliwi, mtu asije akashukiwa anaiba maswali. Boksi hufungwa kwa gundi pale pale na kupelekwa kuharibiwa. Naye mume wangu, kwa kuogopa vumbi na mwanga visiule wino wake, alilaza kila karatasi maandishi yake yakitazama chini. Kwa hiyo kila boksi walilofungua, maswali ndiyo yaliyowatazama. Watu wote wale walimjua. Wote walimwita Upande wa Pili na kucheka, na siku hiyo hakuna aliyelikumbuka jina hilo. Hasira iliyonipanda sikuwahi kuijua. Ningempata mchwa siku ile ningemwomba radhi.

Alinipeleka kiwandani kwa gari lake. Njiani alinipa pole mpaka nikamwambia aache, pole zake zilikuwa zikinikata maini. Msimamizi wa kiwanda alitupandisha ngazi ya chuma hadi kwenye pipa kubwa lenye panga linalozunguka, ndani mna rojo la kijivu. Alisema mzigo wa chuo ulikuwa wa kwanza kuingia, kwa sababu kulikuwa na mitihani, na mitihani huwa hawailazi hata usiku mmoja. Rojo lake limekwisha kukaushwa, limekatwa, limeuzwa. Mkuu wa idara aliegemea ukuta akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nikifikiria namna ya kuingia nyumbani kwangu.

Nilimkuta amevaa shati la kutokea. Alikuwa ameoga, amemwomba jirani amnyoe ndevu, na ameburuta viti viwili hadi karibu na dirisha, kimoja changu cha kusomea. Njia nzima nilitunga uongo: ufunguo wa kabati umepotea, mkuu kasafiri. Nilipomwona na shati lile uongo wote ukanitoka. Nilimwambia kila kitu, tangu kombe hadi pipa.

Hakumlaani mtu. Akaniambia niwashe kompyuta.

"Andika," akasema. "Bado ninayo kichwani."

Matumaini yakanirudia, sina haja ya kuficha. Akanitajia jina la bonde, nikaliweka juu ya ukurasa. Akaanza na nyasi ya kingo za mto, yenye shuke jekundu, kimo chake, mizizi yake, watu wa bonde walivyoiita. Alisema kwa sauti ile ya darasani niliyoipenda nikiwa msichana, na vidole vyangu vilimfuata bila kukosea. Akaingia nyasi ya pili, akaimaliza. Ya tatu alifika kwenye jani, akasita. Lilikuwa na vinywele, alisema, ila je, juu au chini? Akapapasa hewa kwa vidole kama analishika. Akasema turuke. Ya nne akachanganya shuke lake na la ile ya pili, akarudi kwenye ya pili, na hapo hakuwa tena na hakika nayo.

"Futa ya tatu," akasema. Nikafuta. "Ya pili pia."

Nilimsihi. Nilimwambia aweke lolote linalokaribia, juu au chini, tofauti ni nini, hivi nani ataenda kuchungulia jani? Alinigeuzia yale macho yake yasiyoona.

"Hakuna atakayeenda, mke wangu. Bonde liko chini ya maji. Nikikosea, hakuna wa kunisahihisha mpaka mwisho wa dunia. Kwa hiyo siwezi kukisia."

Tuliendelea mpaka jua likahama dirishani. Alitaja, akasita, akaniamuru nifute, nami nikafuta, mtu niliyelipwa maisha yangu yote kwa kuandika. Hata ile ya shuke jekundu aliitilia shaka mwishoni, akaomba msamaha kwa kunichosha. Aliponiuliza kimebaki nini, nikamsomea jina la bonde. Akatikisa kichwa kukubali, akasema hilo ni sahihi, akaniomba nilihifadhi.