Wapangaji wa Mama Funguo

Mama Funguo alilitumbukiza ndooni shati la mwanamume asiyekuwepo, akalikamua nusunusu, akalianika kwenye roshani ya ghorofa ya pili. Lilipaswa kudondosha maji. Dalali alikuwa amemwonya kwamba nguo inayokaa kavu kambani tangu asubuhi mpaka jioni inashtukiwa hata na mtoto. Kwa hiyo kila siku, kabla hajashika ufagio, alipanda ngazi na gunia lake la mitumba, akaloweka na kuanika: magauni roshani hii, sare ya shule roshani ile, na kule ghorofa ya tatu, kwa familia aliyoamua mwenyewe kwamba ina mtoto mchanga, nepi kamba nzima.

Jengo lilikuwa na ghorofa tano, na fleti zake zote hazijalaliwa na mtu tangu fundi rangi ashushe ngazi yake. Kazi ya Mama Funguo ilikuwa kufagia, kulinda geti, na kuzifanya fleti hizo zionekane zina watu. Giza likianza kuingia alizunguka na rundo la funguo lililompa jina, akawasha taa, jikoni hapa, chumbani pale, akibadilisha kila siku ili mtaa usimshtukie. Kwa muda aliofanya kazi hiyo alishawazoea wapangaji wake. Yule bwana wa shati alimwona mchafu, maana anafua kila siku na hatakati. Mama wa nepi alikuwa na maringo. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuziba choo, na hilo huwezi kulisema kuhusu wapangaji wenye miili.

Alikuwa bado na nepi ya mwisho mkononi dalali alipoingia na wateja. Mtaani walimwita Imebaki, kwa sababu kila fleti aliyowahi kuionyesha ilikuwa ndiyo imebaki hiyo hiyo moja. Leo alikuja na kijana na mkewe, mke mimba imeshakuwa kubwa, anapumzika kila baada ya ngazi chache kwa kuwa lifti ilikuwa haifanyi kazi. Walizunguka vyumba, wakafungua bomba, wakatabasamu. Kisha Imebaki akataja kodi, na tabasamu likaisha. Kijana aliuliza kwa adabu kama inaweza kupungua, hata kidogo tu.

"Kaka, tazama mwenyewe," Imebaki alisema, akinyoosha mkono kuelekea roshani. "Watu wamejaa. Hata hii kesho huikuti."

Mke aliziangalia nepi za ghorofa ya tatu kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemwonea mwenzake wivu. Wakashuka, wakaenda zao, na Mama Funguo akaanza kufagia pale pale walipopita, kwa nguvu ambayo vumbi lile halikuistahili.

Siku moja alishamuuliza Imebaki, kwani hii akili gani? Si afadhali mwenye jengo apunguze, apate kidogo, kuliko kupata sifuri? Imebaki alimweleza taratibu, kama anayemfundisha mgeni njia. Mwenye jengo amekopa benki. Benki inalipima jengo kwa kodi ya kila fleti. Ukishusha kodi ya moja, thamani ya jengo zima inashuka nayo, na mkopo unaleta maneno. Fleti tupu ya bei kubwa ina faida kuliko fleti yenye mtu wa bei ndogo. Mama Funguo alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaona bora akasafishe ngazi, maana ngazi angalau zilikuwa zinaeleweka.

Kabla ya saa sita akaja karani wa ofisi ya makazi. Huyu alipita kila baada ya miezi kadhaa, kuhesabu fleti zenye watu na zilizo tupu. Alisimama getini, akaiangalia lifti iliyokufa, akaziangalia ngazi, akaamua kubaki alipo.

"Za kazi, mama. Zipo tupu humu?"

Jibu lake alishapewa na Imebaki tangu siku ya kwanza aliyoajiriwa. "Limejaa."

Karani aliinua macho, akaziona nguo zinavyodondosha maji, akabonyeza kwenye simu yake kubwa. Alilalamika kwamba ni hivyo hivyo kila mahali. Yeye na wenzake wamezunguka mkoa huu, wamekwenda mkoa wa jirani na ule wa mbali zaidi, na kote walinzi wanawaambia kumejaa. Akaomba maji ya kunywa, akapewa.

"Hupandi kuangalia?" Mama Funguo alimuuliza. Hakujua kwa nini aliuliza. Labda alichoka kusema uongo kwa mtu asiyejisumbua hata kuutilia shaka.

"Niangalie nini, mama? Nguo si zile?"

Mchana alikimbia nyumbani, chumba cha kupanga mtaa wa pili, kumpa mama yake chakula. Mama yake alipoteza macho akiwa ndani ya chumba hicho hicho, na alikijua chote kwa viganja: kutoka ukutani mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka jiko, mlango, ukumbi, bomba, choo, na kurudi. Wapangaji wote wa nyumba ile walijua kwamba haachwi ndoo ukumbini. Humo ndani bibi huyo alipika chai yake mwenyewe na kumsuta binti yake kwa kuweka kijiko pasipo mahali pake. Mpeleke chumba kingine chochote, na atashikwa mkono kwenda chooni kama mtoto. Mama Funguo hakuomba makubwa maishani. Aliomba wasihame.

Alimkuta mwenye nyumba ameketi ukingoni mwa kitanda, anaongea na mama yake habari za magoti. Hakuwa mtu mbaya. Mvua ilipovuja alileta fundi, na kodi ikichelewa alinuna tu bila kutukana. Leo alisubiri mpaka Mama Funguo amalize kupakua, ndipo akasema kodi inapanda kwa theluthi moja kuanzia mwezi ujao.

"Mdogo wangu, usinione mbaya. Si mimi, ni soko. Hukusikia redioni? Ofisi ya makazi imehesabu, vyumba na fleti tupu hakuna mkoa mzima. Na mikoa mingine ni hivyo hivyo."

"Waliohesabu ni kina nani?"

"Wataalamu, mama. Watu wamesoma."

Mtaalamu alikuwa Mama Funguo mwenyewe. Alitaka kusema, lakini angeanzia wapi? Kwenye nepi? Aliomba apewe muda. Mwenye nyumba alisema kwa huruma ya kweli kwamba kuna seremala anakitaka chumba hicho hata leo, na analipa bei mpya bila kuuliza. Mama yake alikuwa akipitisha kiganja ukutani, juu chini, kama anayembembeleza mtoto.

Aliporudi kazini alimfuata Imebaki moja kwa moja. Kulikuwa na fleti ndogo ya chini, nyuma ya ngazi, ambayo hakuna mteja aliyewahi hata kuiomba aione. Alisema atahamia pale na mama yake, na atalipa kodi anayolipa sasa. Bibi atajifunza upya kuta za pale, taratibu, akijua hatahamishwa tena.

"Mnataka ionekane ina mtu," alisema. "Basi wekeni mtu."

Imebaki alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Mama Funguo, shati halidai maji. Shati halisemi kodi kubwa. Nikikuweka wewe kwa bei hiyo, basi hiyo ndiyo bei ya jengo, na mtu wa benki anakuja jioni hii hii. Hebu usinipe presha." Akaagiza taa ziwashwe ghorofa zote, na nguo ziongezwe. Akaenda kumpokea mgeni wake.

Jua lilipozama Mama Funguo alipanda mpaka ghorofa ya tano kama kawaida. Alifungua mlango, akaweka kidole kwenye swichi, akakiacha hapo. Alimfikiria yule mke mjamzito akiziangalia nepi. Akatoa kidole. Akaanza kushuka ghorofa kwa ghorofa akianua: sare, nepi, magauni, na mwisho shati la yule bwana mchafu. Aliogopa. Alijua kazi ndiyo imekwenda, na bila kazi hata ile kodi ya zamani hataiweza. Lakini hasira ilikuwa imeshaipita hofu mbali. Majengo ya jirani yakawaka taa, na lake likabaki jeusi kutoka juu mpaka chini.

Gari likasimama. Imebaki alishuka akiongea, kisha akaangalia juu. Mtu wa benki aliuliza kama umeme umekatika.

"Umeme upo," Mama Funguo alisema. Akalitua gunia mbele ya viatu vya mgeni. "Wapangaji ndio hawa."

Mtu wa benki aliinama, akainua nepi mbichi kwa vidole viwili, akairudisha. Imebaki akaanza kueleza kuhusu wanawake wanaochanganyikiwa na maisha. Mgeni alimkatiza, bila ukali, kama mtu aliyechoka na siku ndefu.

"Mama, mimi sihesabu taa. Natumia takwimu za ofisi ya makazi. Zinasema jengo limejaa."

"Hizo takwimu nimezisema mimi."

"Basi umeshazisema." Alijifuta vidole kwa kitambaa, akamgeukia Imebaki, akamuuliza kama mwakani kodi haiwezi kusogezwa juu kidogo.

Imebaki alimfokea Mama Funguo, akamwambia kesho asije. Katika zile kelele hakuna aliyekumbuka kumdai funguo, na yeye hakuwakumbusha.

Mama yake alizisikia zikilia kabla mlango haujafunguka. Aliomba apewe, akaziweka mapajani, akazipapasa moja moja mpaka mwisho wa pete, kisha akaanza upya kama asiyeamini.

"Zote hizi za nini?"

"Za nyumba tupu, mama."

"Zote hizi?" Viganja vyake vilikuwa bado vinazunguka. "Sasa sisi tunahama kwa nini?"

Mama Funguo alifungua mdomo kueleza habari za benki, na thamani, na karani asiyepanda ngazi. Badala yake akavuta boksi chini ya kitanda, akaanza kupanga vyombo, sufuria kwanza, kisha sahani. Jiko aliliacha liwe la mwisho, pale pale, mahali mama yake alipolizoea.